Kufunga mkoba si kujichuria: wazee wetu na safari ya ghafla ya hospitali

"Usijichurie, bibi"

Kwetu Newala, mkoani Mtwara, mzee akionekana anatenga vitu vyake pembeni, kanga mbili, shuka, kadi ya kliniki, lazima atokee mtu wa kumkemea: "Usijichurie, bibi." Anayesema hivyo anasema kwa mapenzi. Anaamini kuutaja ugonjwa ni kuuita. Neno hilo limewanyamazisha wazee wengi ambao walikuwa tayari kujipanga.

Lakini angalia tunavyofanya kwa mjamzito. Mimba ikifika miezi saba, bibi huyohuyo ndiye anayemsimamia mjukuu wake: kanga zimefuliwa, beseni lipo, hela ya gari imefungwa kwenye pindo. Hakuna anayemwambia binti kwamba anajichuria. Tunajua uchungu hauna saa. Basi na presha haina saa, wala sukari, wala kuteleza msalani usiku. Tena mimba angalau ina tarehe ya kukadiria.

Mama yangu tulimpeleka hospitali usiku mmoja wa masika, mikono mitupu. Mdomo ulikuwa umekwenda upande, mkono wa kulia umelegea. Muuguzi akaniuliza anatumia dawa gani. Nikasema za presha. "Zipi?" Nikanyamaza. Kuna dawa inayomdhuru? Mara ya mwisho alionekana mzima saa ngapi? Sikuwa na jibu hata moja. Mdogo wangu akarudishwa nyumbani na bodaboda kutafuta dawa, akaja na kopo lenye vidonge vyeupe vya aina nne vimechanganywa pamoja, havina jina. Tulipoteza muda mwingi kwa maswali ambayo yangejibiwa na karatasi moja. Mama alipona, anatembea kwa fimbo. Ninayoandika hapa yote yalianzia usiku ule.

"Amepigwa na upepo"

Hii ndiyo dhana inayoniuma kuliko zote, kwa sababu ndiyo inayokula saa. Mtu akipinda mdomo ghafla tunasema jini limempitia, au amerushiwa kitu. Anaitwa wa kusoma dua, anaitwa wa kufukiza, asubuhi ndipo gari linatafutwa.

Kiharusi ni ugonjwa wa mishipa ya damu ya ubongo: ama mshipa umeziba, ama umepasuka. Mwambie mzee atabasamu, uone kama upande mmoja wa uso umelala. Mwambie anyanyue mikono yote miwili, uone kama mmoja unashuka. Mwambie akutajie jina lake, usikilize kama maneno yanateleza. Moja tu likiwepo, ondokeni, na mwenye saa aitazame. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, pale inapopatikana, hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya kupigwa picha ya kichwa ili ijulikane kama ni kuziba au kuvuja. Ndiyo maana muuguzi aliniuliza saa, nami nikadhani anapoteza muda.

Dua haina ubaya. Isomwe garini.

Na usimpe kitu mdomoni: si maji, si uji, si chai ya tangawizi. Aliyepata kiharusi huenda koo halimezi sawasawa, kitu kikaingia kwenye mapafu. Wala usimpe aspirini kwa kusikia kwamba inasaidia. Kama mshipa umepasuka, unazidisha kuvuja. Wala usimwongezee vidonge vya presha.

"Boda zipo, tutafika"

Zipo mchana. Saa nane usiku, mvua inanyesha, barabara ya kutelemka kutoka uwanda wa Makonde imelowa, hutampata dereva usiyemjua. Huku kwetu mvua ni msimu mmoja mrefu, kuanzia karibu na mwisho wa mwaka hadi Aprili au Mei, na njia nyingi za vijijini, Tandahimba kama Liwale, huwa tope tupu. Andika namba za madereva wawili wenye gari, si mmoja. Zungumza nao mapema, mchana, kuhusu bei ya usiku.

Wengi pia wanaamini namba 115 itamletea mzee gari la wagonjwa. Namba hiyo ni ya mfumo wa m-mama, uliowekwa kwa ajili ya wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Kwa mzee, namba unayoihitaji ni ya mganga wa zahanati yako, maana yeye ndiye anayejua jinsi ya kuliita gari la wagonjwa la kituo cha afya. Iombe leo.

Mzee aliyeanguka akashindwa kusimama, hasa ukiona mguu mmoja umekuwa mfupi na unyayo umegeukia nje, huenda amevunjika nyonga. Huyo hapakatwi katikati kwenye pikipiki. Wala hakandwi, wala havutwi mguu na fundi wa mifupa "ili urudi". Mlaze kwenye ubao au kitanda cha kamba, msimtikise, apakiwe kwenye gari la wazi nyuma kama hakuna lingine.

Na msiruke zahanati kwa haraka ya kufika hospitali ya mkoa, Ligula ya Mtwara au Sokoine ya Lindi, kama zahanati iko njiani na ina mtu. Kupima sukari ni tone moja la damu. Mzee wa kisukari anayetoka jasho, anatetemeka na kuongea maneno yasiyoeleweka, sukari inaweza kuwa imeshuka, naye akaonekana kama aliyepata kiharusi. Kama bado anameza vizuri, maji ya sukari yanaweza kumwinua kabla ya gari kufika.

"Mzee anatibiwa bure"

Nusu ya kweli, na nusu hiyo imewafedhehesha watu dirishani. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa mtu wa miaka 60 na kuendelea, na kuna msamaha wa gharama za matibabu katika vituo vya umma kwa wazee wasiojiweza. Neno linalosahaulika ni hilo la mwisho. Umri pekee hautoshi. Lazima mzee atambuliwe, na njia inaanzia kwa uongozi wa kijiji au mtaa na ofisa wa ustawi wa jamii. Kazi hiyo haifanyiki usiku wa manane na mgonjwa yuko kwenye machela. Ukifika bila kitambulisho cha msamaha huo, omba kuonana na ofisa ustawi wa jamii wa hospitali, lakini ni heri kukifuatilia mzee akiwa anatembea.

Msamaha huo haulipi gari. Haulipi chakula cha anayemuuguza. Dawa isipokuwepo hospitalini, utatumwa duka la nje na hela yako. Na usidhani utafanya kazi vilevile katika hospitali za kanisa kama Ndanda na Nyangao, ambazo kwa wengi wetu ndizo za karibu zaidi. Ulizeni mapema wanapokea nini, bima gani, kitambulisho gani. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, basi muulizeni mtendaji wenu mzee wenu anaingiaje.

Sasa hela yenyewe. Hela ya korosho inakuja kwa msimu: minada inaanza karibu Oktoba, malipo yanapitia chama cha msingi na kuingia benki. Ugonjwa hausubiri mnada. Nimeona familia zikiuza korosho ambazo bado ziko mtini, kwa kangomba, yaani walanguzi, kwa bei ya kutupa, ili mgonjwa apate gari. Na nimeona jambo linalouma zaidi: mzee ana hela yake halali, iko kwenye simu na benki, naye amelala hajitambui, na namba ya siri anaijua yeye peke yake.

Jibu si kumpa mjukuu namba ya siri. Hapo wazee wengi wameibiwa na damu yao wenyewe, na benki wala kampuni ya simu haitamsikiliza aliyeitoa. Jibu ni kutenga kiasi cha gari na siku mbili za mwanzo, kiwe taslimu, mahali ambapo watu wawili wanapajua, si mmoja. Kama mzee yuko kwenye VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa, aulize mfuko wa jamii wa kikundi unatoa nini kwa mgonjwa na nani anaweza kwenda kuomba kwa niaba yake.

"Asubiriwe mjomba"

Sisi Wamakonde, na majirani zetu Wamwera, Wamakua na Wayao, tumelelewa tukijua uzito wa neno la mjomba katika maamuzi ya familia. Simsemi vibaya. Lakini mtu mzima mwenye akili timamu, hata akiwa na miaka 90, ndiye mwenye kukubali au kukataa upasuaji wake mwenyewe. Daktari anapaswa kuongea naye, si juu ya kichwa chake. Na pale asipojitambua na maisha yake yakiwa hatarini, hospitali haipaswi kumwacha afe kwa kusubiri sahihi.

Kinachosaidia ni mzee kusema mapema, mbele ya watoto wote na mjomba akiwepo: nikishindwa kusema, fulani ndiye atakayenisemea. Mama alimtaja mdogo wangu wa kike, si mimi mkubwa. Nilinyong'onyea kidogo, kisha nikaelewa: yeye anaishi hatua mia moja kutoka kwake. Aseme pia anachokitaka na asichokitaka. Wapo wanaotaka kupelekwa hadi Muhimbili, wapo wanaosema mwisho wangu uwe Mitengo, hospitali ya kanda kule Mtwara, au hapa hapa wilayani, nisisumbuliwe. Ni vizuri kuyasikia kwa sauti yake.

"Ukitaja mitishamba utafokewa"

Pengine utafokewa kweli. Taja hata hivyo. Kuna mizizi na majani yanayoshusha sukari au presha, na ukichanganya na dawa za hospitali daktari atashangaa mgonjwa anazidi kushuka. Andika jina la kienyeji kama hujui jingine, na siku aliyokunywa mwisho.

"Hana homa, basi si mgonjwa" na "huyu amerukwa akili"

Mwili wa mzee unaweza kuwa na nimonia au maambukizi ya njia ya mkojo bila joto kupanda. Kinachoonekana ni kwamba tangu jana hali chakula, analala mchana kutwa, anawaita watu waliokufa. Mabadiliko ya ghafla ya akili kwa mzee ni dalili ya ugonjwa wa mwili mpaka ithibitike vinginevyo. Na hata wodini, mzee aliyeingia timamu anaweza kuchanganyikiwa usiku. Mara nyingi hupita maradhi yakitibiwa. Sauti anayoijua, miwani yake, meno yake ya bandia na saa ya kutazama vinamsaidia kujua alipo.

"Damu ipo benki"

Damu haiuzwi, na haipo ila imetolewa na mtu. Ndugu wataombwa kuchangia. Mchangiaji awe na umri wa miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50, na mzima. Jueni nani kati yenu anafaa kabla hamjaanza kupigiana simu.

Mkoba wa mama sasa unaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Ndani mna kanga tatu, shuka, kandambili, kikombe na kijiko, sabuni, kurunzi, chaja ya simu, nakala ya kitambulisho cha NIDA, kadi ya bima, na daftari la kliniki. Dawa hazimo kwenye kopo tena. Ziko kwenye bahasha zake, kila moja na jina lake. Juu kabisa kuna karatasi moja niliyoiandika kwa herufi kubwa: maradhi yake, dawa na vipimo vyake, kwamba penisilini inamvimbisha uso, namba za madereva wawili, jina la anayemsemea. Kila anaporudi kliniki, yeye mwenyewe ndiye anayeniita: "Mwanangu, njoo ubadilishe karatasi, wameniongezea kidonge."