Ndege za Kivita za Kwenye Filamu: Ukiona Zaelea, Zimeundwa

Kwenye kibanda umiza kimoja pale Magomeni, Mtwara, ikiwekwa filamu ya ndege za kivita hakosekani wa kusema, "Hawa wamepewa ndege na jeshi, na jamaa anairusha mwenyewe." Mimi ni seremala. Mwaka juzi vijana wa mtaani waliniagiza chumba cha rubani kwa ajili ya filamu yao fupi, na tangu hapo huwa nashindwa kunyamaza.

Tuanze na huyo jamaa. Katika Top Gun: Maverick ya 2022 waigizaji walipanda F/A-18, ndege ya kivita ya Marekani, kweli, na ule uso unaovutika ndege inapokata kona si wa kuigiza. Ila walikaa kiti cha nyuma; mbele alikuwa rubani wa Jeshi la Majini la Marekani. Tom Cruise, nyota wa filamu hiyo, ni rubani mwenye leseni, lakini jeshi halikumruhusu kuirusha ndege hiyo. Wala haikuwa bure: saa moja angani ilifika dola 11,374. Piga hesabu hiyo kwa kilo za korosho uone.

Hapo wengine hurukia upande wa pili: basi bila jeshi hupati kitu cha kuaminika. Si kweli. Dr. Strangelove ya 1964 ina chumba cha rubani cha B-52, ndege ya mabomu ya Marekani. Jeshi lilikataa kusaidia, mbunifu wa mandhari ya filamu Ken Adam na wenzake wakakijenga kwa kutazama picha zilizokwisha kuchapishwa. Na zile "Zero", ndege za kivita za Wajapani, katika Tora! Tora! Tora! ya 1970 ni ndege za mafunzo za Kimarekani zilizobadilishwa umbo.

Wapo na wa kompyuta: "Siku hizi wanachora tu." Wanachora, ndiyo. Lakini tamthilia ya Masters of the Air ya 2024 iliundiwa mifano yenye ukubwa kamili ya B-17, ndege ya mabomu ya Marekani. Mwigizaji hukalishwa kwenye kipande cha ndege juu ya jukwaa linaloyumbishwa na mashine, amezungukwa na skrini zinazoonyesha mawingu. Mwanga wa mawingu hayo ndio unaopita usoni na kwenye miwani yake, na kuuchora baadaye ukakaa sawasawa ni kazi kwelikweli.

Sasa mbao, uwanja wangu. "Ndege ya vita ya plaiwudi?" aliniuliza jirani akicheka. Waingereza waliiunda, tena ikapigana: Mosquito, iliyoruka mara ya kwanza 1940, ya plaiwudi na mti mwepesi wa balsa, na mafundi fanicha walishiriki kuitengeneza. Kuna kijana alitaka nitumie mninga! Mti mzito kwenye seti, yaani mandhari ya kupigia filamu, ni adhabu kwa wabebaji. Nenda Mikindani uone jahazi linavyotiwa mataruma kisha likavikwa mbao: kiwiliwili cha ndege ni vilevile, mbavu kwanza, ngozi baadaye.

Dhana iliyonigharimu mimi mwenyewe ni kwamba ndege lazima ionekane mpya. Nilipiga rangi ya kijivu mpaka ikang'aa. Kwenye kamera likaonekana kabati la vyombo. Nikarudia. Rangi ya fedha chini, kijivu juu, halafu msasa laini pale tu mkono na buti vinapogusa: ukingo wa kuingilia, swichi zinazowashwa kila mara, hatua ya kupandia. Fedha ikachungulia kama chuma kilichochubuka. Riveti, vile vichwa vya pini zinazoshika mabati ya ndege, nilizidondosha kwa gundi ya mbao na bomba la sindano, moja moja, kufuata mstari wa uzi. Masizi na mafuta huburuzwa na upepo kuelekea mkiani. Nimeona mtu kayachora yakishuka wima kama machozi. Vumbi jekundu la Newala, likikorogwa na maji na rangi kidogo, lilishinda makopo yote ya dukani. Kioo hatukuweka kabisa, kingemwonyesha mpiga picha. Hata seti kubwa mara nyingi hukiondoa, kikaongezwa baadaye.

Halafu kuna "sare tutaazima kwa mjomba." Hapana. Kuvaa sare za jeshi bila idhini ni kosa la jinai Tanzania, na filamu yenyewe inahitaji kibali cha Bodi ya Filamu. Sisi tulinunua ovaroli za gereji sokoni, tukazishonea beji ya nchi tuliyoibuni wenyewe.