Kitazamio Kisafi Si Lenzi Safi

"Fundi, nimeichungulia, naona safi kabisa."

Jumamosi nimeisikia tena hapa Mwanjelwa, Mbeya, kwa kijana aliyeniletea Zorki 4, kamera ya filamu ya Kisovieti aina ya renjifainda, akiwa ameshailipia. Nilifungua mgongo wa kamera, nikaweka shata kwenye B (hapo hubaki wazi muda wote unaobonyeza) na tundu la lenzi wazi kabisa, nikamulika kwa tochi ya simu. Fangasi wametambaa hadi katikati ya lenzi, nyuzi nyeupe kama utando wa buibui. Kijana aliikagua kamera kwa bidii, ila alikagua kioo kisichopiga picha.

Kwenye renjifainda jicho lako halipiti ndani ya lenzi. Unachungulia kitazamio, kidirisha cha juu chenye vioo vyake peke yake. Lenzi inaweza kuwa imeoza, imepasuka, au imefunikwa na kifuniko, nawe ukaiona Mbeya yote inang'aa. Nimeletewa roli ya picha 36 za harusi, tupu mwanzo hadi mwisho, kwa sababu kifuniko hakikutolewa. Inaniuma kila mara, kwa kuwa harusi hairudiwi.

Kwa hiyo kagua vitu vitatu, kila kimoja kwa njia yake. Lenzi imulike kwa tochi kama nilivyofanya. Vumbi kidogo lisikutishe, nyuzi ndizo za kuogopa. Fangasi wakishakula rangi ya juu ya kioo, kusafisha kutawaondoa wao, alama zao zitabaki. Usinisikilizishe habari za kufuta kwa spiriti: wengi wako katikati ya vioo, kitambaa hakiwafikii.

Cha pili ni ulengaji. Zungusha lenzi hadi mwisho wa mbali, kisha tazama ukingo wa mlima Loleza. Kitazamio cha renjifainda huonyesha taswira mbili katikati yake; hapo lazima ziwe moja, pasiwe na pacha pembeni wala juu. Halafu weka lenzi kwenye mita 1, pima kwa futi ya fundi cherehani kutoka usawa wa filamu hadi kwenye fremu ya mlango, uone kama zinakutana pia. Kamera inayokubali mlima na kukataa mlango itakuharibia nyuso za watu.

Cha tatu ni pazia la shata, kwa zile zenye pazia la kitambaa. Hakuna kioo cha kuakisi mbele yake kama kwenye SLR (kamera unayochungulia kupitia lenzi yenyewe), hivyo lenzi ikiachwa ikitazama jua, hulichoma kama kioo cha kukuzia kinavyochoma karatasi. Toa lenzi, elekeza kamera kwenye mwanga, tafuta matundu kwa upande wa nyuma. Muuzaji asiyetaka uifungue, muachie kamera yake. Kwa hili sibembelezi mtu.

Mengine ni mafupi: maneno ninayoyasikia, na jibu langu kwa kila moja.

"Hii Leica iliachwa na serikali ya Wajerumani pale Tukuyu." Utawala wao huko ulikoma 1916, Leica, kamera ya Kijerumani, iliingia sokoni 1925. Nyingi zenye nakshi za tai na rangi ya dhahabu ni FED au Zorki za Kisovieti zilizochongwa upya. Toa lenzi uangalie mkono wa ulengaji ndani: wa Leica una kigurudumu cha duara, wa FED na Zorki kwa kawaida ni kidole bapa.

"Spidi ibadilishe wakati wowote." Kwenye Zorki 4, zungusha filamu kwanza, ndipo uguse spidi. Ukitangulia kinyume unaweza kuharibu mitambo, na spea zake ninazipata kwa kubomoa kamera nyingine.

"Bila betri haipigi." Canonet QL17 hupiga spidi zote bila betri, unachokosa ni kipimo cha mwanga. Kilitengenezewa betri ya zebaki ya volti 1.35, ukiweka ya 1.5 kitakudanganya. Yashica Electro 35 ndiyo inayotaka betri: bila hiyo inabaki na 1/500 tu.

"Mkoba wake wa ngozi unailinda." Barabarani, ndiyo. Kabatini, hasa kwenu Rungwe kwenye mvua zile, ngozi hushika unyevu na kuwalisha fangasi. Mkoba utundike peke yake. Kamera iweke kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, vikiwa bado vikavu.