Klipu haianzi na "nikaing'oa"

Jumamosi nimeletewa flashi nyingine. Ndani kuna mazungumzo ya saa moja na dakika 40 yaliyorekodiwa Arusha, na aliyeileta mpaka hapa kwangu Mbuyuni, Moshi, hata kukaa hakukaa. "Dada, nikatie tu klipu 10, kila moja dakika moja. Jioni nazipitia." Hiyo "tu" nimeshaisikia mno. Leo naijibu kwa maandishi, nikiulizwa tena nitume kiungo na kuendelea na kazi.

Watu wanaiona video ndefu kama mkungu wa ndizi: klipu zimo tayari, kazi ni kuzichana. Siyo hivyo. Mle ndani kuna mazungumzo, na mazungumzo yana mwanzo mmoja tu, uliopita zamani, pale mgeni aliposalimia na kumshukuru Mungu. Klipu 10 zinataka mianzo 10. Mianzo hiyo siikati, naitafuta, na ili niipate lazima nisikilize dakika zote 100. Hata nikiharakisha mara moja na nusu, saa nzima na ushee imekwenda kabla sijagusa wembe.

Hata hiyo "kila moja dakika moja" ni mazoea ya zamani. Reels, video fupi za Instagram, ilipoanza Agosti 2020 ukomo ulikuwa sekunde 15. Shorts, zile fupi za YouTube, ilibaki kwenye sekunde 60 hadi Oktoba 2024, ikaruhusiwa kufika dakika 3. Jambo likiisha kwa sekunde 38, klipu ni sekunde 38. Likitaka dakika 2, lipe dakika 2.

Sasa nieleze linaloniuma.

Mwaka jana nilipewa mazungumzo na mama mmoja, mkulima wa Kibosho. Mteja alikuwa ameniandikia muda kwenye karatasi: 52:10 hadi 52:48. Nikakata kama ilivyoandikwa, na kosa hilo ni langu pia. Klipu ikaanza hivi: "Nikaing'oa yote. Sikulia. Nililia msimu uliofuata, wenzangu walipokuwa wanavuna." Uso wa mama umejaa kwenye fremu, mwanga wa dirisha unamwangukia shavuni, mikono yake inakunja na kukunjua ncha ya kitenge. Niliitazama mara tatu nikaridhika. Niliridhika kwa sababu mimi nilikuwa nimekwisha kusikiliza dakika 52 zilizotangulia. Nilijua kwamba aliyoing'oa ni kahawa, kahawa aliyoachiwa na baba yake kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo. Ndani ya klipu neno kahawa halimo.

Maoni ya kwanza: "Aling'oa nini?" La pili likajibu: "Bangi hiyo, huoni hataki kuitaja?" Kulipokucha maoni mengi yalikuwa ya bangi. Klipu ikashushwa, lakini ilikuwa imeshaingia kwenye magrupu ya WhatsApp ya huko kwao. Mama wa watu akaanza kuulizwa kanisani habari za bangi.

Kahawa ni "i", bangi nayo ni "i". "Nikaing'oa" inazibeba zote mbili bila tabu. Kiswahili kinaingiza mtenda na mtendwa ndani ya kitenzi. Ukisema "alimnyima", aliyenyima yumo na aliyenyimwa yumo, ila majina yao yalitajwa dakika 20 nyuma. Kwa msikilizaji aliyekuwapo tangu mwanzo, huo ndio utamu wa lugha. Kwa mtu anayeperusha simu kwenye daladala, ni watu wawili wasiojulikana.

Mbaya zaidi ni "ka". Sikiliza mtu yeyote akisimulia: "Nilikwenda ofisini, nikamkuta, akaniambia nirudi kesho, nikarudi." "Li" ni moja, halafu "ka" tatu zinaifuata kama mabehewa. Ukianzia kwenye "akaniambia" umeacha kichwa cha treni stesheni. Mimi nikisikia "ka" mwanzoni mwa klipu narudi nyuma, narudi, mpaka niikute "li" iliyoivuta. Wakati mwingine iko sekunde 5 nyuma. Wakati mwingine iko dakika 9 nyuma, na katikati kuna habari za mkwe, mvua na ada ya shule.

Halafu kuna "hiyo", "huyo", "hapo", "ndiyo maana", na "kama nilivyosema awali". Hii nakuonyesha, hiyo tumeshaitaja mimi na wewe. Klipu ikianza na "kwa hiyo hapo ndipo nilipomjua huyo mtu", umempa mtazamaji viungo vinne vya mnyororo ambao hajawahi kuuona. Ndiyo maana programu za akili mnemba zinazojichagulia klipu nilizijaribu nikaziacha. Nilizotumia mimi zinanusa pumzi na sauti inayopanda, na msimulizi wetu huvuta pumzi hasa kabla ya kusema "akaniambia". Zinakata hapohapo, kila mara, kwa ujasiri kabisa.

Wapo wenzangu wanaobisha kwamba kumwacha mtu gizani ndiko kunakomfanya abaki. Siwezi kusema wamekosea kabisa. Niliwahi kuanzisha klipu na "Akaniambia, mama, mwanao leo hatoki", na watu walitazama hadi mwisho. Lakini ndani ya maneno hayo matano kuna mama, kuna mtoto, na kuna mtu mwenye uwezo wa kumzuia. Kitendawili kilikuja na tega lake. "Nikaing'oa yote" haikuja na kitu. Mpaka kati ya hizi mbili nauona kwa jicho kila ninapokaa kukata, na bado sijapata kanuni ya kumfundisha kijana anayenisaidia.

Dawa ya klipu ya yule mama ilikuwepo. Dakika ya 31 alikuwa amesema, "Kahawa ya pale kihambani aliipanda baba, mimi nikiwa mdogo." Sentensi safi, imeanza na jina la kitu. Ningeichukua nikaiweka mbele ya "nikaing'oa yote", na habari ya bangi isingezaliwa. Lakini mtu akiniambia hilo ni jambo la kubandika tu, namwomba avae spika za masikioni asikilize. Dakika ya 31 kulikuwa kukavu. Dakika ya 52 mvua ilikuwa inapiga bati. Ukizigandisha hizo mbili, mvua inaanza kwa kishindo katikati ya maneno ya mtu, na hata asiyejua lolote kuhusu video atahisi kuna kitu kimekatwa.

Ninachofanya ni kutafuta mahali mama amenyamaza mvua ikiendelea, sekunde 4 au 5 zinatosha, nazichukua nazilaza chini ya sentensi ya dakika ya 31, zikipanda polepole. Mvua inaingia kama inavyoingia Kibosho, kwa mbali kwanza. Kiungo hakisikiki tena. Juu ya picha naweka mikono yake, ili mdomo usionekane ukiruka.

Hapo nina shaka ambayo siifichi. Nimeweka mvua mahali ambapo haikunyesha. Nimeunganisha maneno aliyoyasema dakika 21 mbalimbali yakawa kama pumzi moja. Mipaka niliyojiwekea ni miwili: sentensi zote ziwe za jambo lilelile, na mwenye maneno aione klipu kabla haijapanda. Siunganishi jibu na swali ambalo halikuwa lake, hata mteja akinuna. Zaidi ya hapo najua kwamba mkono uleule uliomwondolea mama bangi unaweza kumpachika, kwa ufundi uleule.

Shaka ya pili ni ukimya. Baada ya "nikaing'oa yote" mama alinyamaza kama sekunde 4. Programu ya kufuta ukimya iliziondoa, akabaki anasikika kama mtu anayesoma orodha ya sokoni. Nikazirudisha. Nimewahi kuona grafu ya klipu nyingine yenye ukimya wa namna hiyo: mstari wa watazamaji ulianguka palepale kwenye ukimya. Waliobaki ndio walioandika maoni marefu. Mteja anaangalia waliokimbia, mimi naangalia waliobaki, na sioni namna ya kumthibitishia kwamba mimi ndiye niliye sahihi. Ukimya wa wazee nitaendelea kuuacha.

Mengine nayapitia mbiombio. Fremu ya kulala ya 1920 kwa 1080 ukiikata isimame, unabakiwa na upana wa pikseli 608 hivi, chini ya theluthi moja ya picha. Watu wawili waliokaa mbalimbali mezani, katikati utapata chombo cha maua. Rekodi kwa 4K, picha yenye pikseli mara mbili kwa upana na kwa kimo, ukikata unabaki na pikseli 1215 na uso hauchakai. Wageni wawili, wapange juu na chini. Maandishi usiyaweke chini kabisa, huko ndiko kunakokaa jina la akaunti na vitufe. Maandishi ya mashine yasahihishwe neno kwa neno. Kwangu "kihamba" hugeuka "kiamba" kila mara. Faili usinitumie kama video ya kawaida ya WhatsApp, inabanwa mpaka nyuso zinakuwa uji. Itume kama dokumenti.

Linalookoa kazi kuliko yote hufanyika siku ya kurekodi, na halina gharama. Mgeni akisema "nikaing'oa", anayehoji aulize papo hapo: "Mama, uling'oa nini? Tutajie." Mama atarudia, "Kahawa. Kahawa ya baba niliing'oa yote." Jina limo, "li" imo, mvua ni ileile, na mimi sina sababu ya kwenda kuazima sentensi dakika ya 31. Wahoji wengi wanaona aibu kuuliza kitu wanachokijua. Wanaitikia "mmh" juu ya sauti ya mgeni, na "mmh" hiyo nayo haifutiki.

Kwa hiyo, kaka wa Jumamosi, klipu zako hazitakuwa 10. Mpaka sasa nimepata 4, na ya tano iko nusu. Nimefika dakika ya 47. Mzee anasema "wakakataa", sauti inamtetemeka, na ni mahali pazuri kuliko pote kwenye mazungumzo yako. Waliokataa hawajatajwa bado. Nimerudi nyuma mpaka dakika ya 29 na hawamo, kesho asubuhi naanza tena pale mzee na anayemhoji walipoketi.