Karatasi ina mlalo wake

Shajara ya kwanza niliyoitengeneza ilikataa kulala. Naifungua, inajifunga, mithili ya kobe aliyeguswa. Kitenge cha jalada kilipendeza na mshono ulikaza. Kosa lilikuwa kwenye jambo ambalo sikujua hata kama lipo: mlalo wa nyuzi za karatasi.

Karatasi ya kiwandani huundwa juu ya wavu unaokimbia. Nyuzi za mti huja zikielea majini, na nyingi hulala kufuata mwendo wa wavu. Ndiyo maana gazeti ukilichana upande mmoja linachanika kwa mstari ulionyooka, ukiligeuza linakwenda mrama. Daftari linataka nyuzi ziende sambamba na mgongo wake. Zikiukatiza, kurasa hugoma kukunjika, na gundi ikizilowesha hufanya mawimbi.

Sasa ichukue A4 ya steshenari. Mara nyingi nyuzi zake hufuata urefu, zile milimita 297. Ukiikunja katikati upate ukurasa wa A5, mkunjo unakata nyuzi, na hapo ndipo nilipoumia. Ikate kwanza iwe vipande viwili vya milimita 148 kwa 210, kisha kunja kila kipande katikati ya upande wake mrefu. Nyuzi zinaangukia sambamba na mkunjo, nawe unapata A6 inayoingia mfuko wa shati. Shajara zangu ni ndogo kwa sababu hiyo tu. Wateja hudhani ni mtindo. Ukiwa na shaka, lowesha upande mmoja wa kipande kidogo cha mraba: kitajiviringisha kama mrija, na mrija huo umelala kufuata nyuzi.

Karatasi zangu hutoka steshenari, zile zilizochapwa vibaya upande mmoja. Kumi na sita za A4 hutoa vipande 32. Navipanga vinne vinne, mafungu manane, kurasa 128. Kila fungu nalipanga upande mweupe utazamane na mweupe, wenye maandishi utazamane na wenzake, kwa hiyo unafungua kurasa mbili safi, kisha mbili zenye wino. Hizo za wino si hasara. Ndizo za kubandikia picha na tiketi. Nakala za vitambulisho na majibu ya vipimo vya watu sizigusi, nazirudisha zikachanwe hukohuko.

Wengi huanza kwa kuloweka karatasi, kuziponda na kuchuja rojo upya. Ni kazi nzuri, ila nyuzi hufupika kila zinapopondwa, na usipotia wanga wino unatambaa kama kwenye tishu. Kama karatasi bado ni nzima, kwa nini uiue?

Kipenzi changu ni mfuko wa saruji, ule wa karatasi, si wa plastiki iliyofumwa. Ulitengenezwa kubeba kilo 50 bila kupasuka, kwa hiyo nyuzi zake ni ndefu na ngumu. Funga pua, kung'uta vumbi nje, chukua tabaka lisilogusana na saruji. Nakata ukanda wa kufunika mgongo wa kila fungu, uzi usije ukala karatasi laini. Rangi yake ya udongo inabaki ikionekana, na mimi siifichi.

Jalada hulitengeneza kabla ya kushona. Usitumie boksi lenye mawimbi ndani. Litabonyea kabla mwezi haujaisha. Gamba la kauntabuku kuukuu ndilo lenyewe, nalo ulipime mlalo wake kwa kulipinda: upande unaokubali kirahisi ndio unaofuata nyuzi. Vipande vya kitenge naviokota kwa fundi cherehani. Kwanza nakibandika kitambaa kwenye karatasi nyembamba, la sivyo gundi inapenya hadi usoni. Gundi yenyewe ni uji: kikombe kimoja cha unga wa ngano kwa vitano vya maji, koroga motoni hadi ung'ae, acha upoe kabisa, tia matone mawili ya mafuta ya karafuu kuzuia ukungu. Masika moja sikuyatia, nikaamkia majalada yenye ndevu. Kitambaa kikikauka kinasinyaa na kulivuta gamba, lazima upande wa ndani nao upate karatasi ya kuvuta kinyume. Kisha tofali juu yake, usiku kucha.

Matundu natoboa kwa msharasi juu ya ndala kuukuu. Uzi ni ule wa mafundi viatu, niliousugua nta ya nyuki. Sindano iwe ya kawaida. Shazia huacha tundu pana na uzi ukacheza. Pima uzi kwa urefu wa mgongo mara idadi ya mafungu, ongeza viganja viwili. Nashona mnyororo wa Wakopti, Wakristo wa Misri: kila mshono unaingia chini ya ule wa fungu lililotangulia, na daftari linafunguka likalala bapa. Vitabu vya kanisa vya Ethiopia navyo vimeshonwa kwa mshono wa ukoo huo.

Misri hiyohiyo, karibu na Nag Hammadi, mwaka 1945 vilifukuliwa vitabu vya mafunjo vyenye majalada ya ngozi. Ili ngozi ikakamae, wajalidi wake walikuwa wamebandika ndani mabaki: risiti, barua, hesabu za watu. Kipande kimoja kina tarehe ya mwaka 348, ndipo ikajulikana kuwa jalada lile haliwezi kuwa la kabla ya hapo.

Tangu nilipojua hilo, kati ya gamba na kitenge naacha karatasi moja yenye mwandiko. Ya wiki hii ni orodha yangu ya sokoni: nyanya, dagaa, kiberiti, uzi. Nimeiandika kwa penseli na kuitia tarehe. Risiti ya mashine nilishaijaribu. Ilifutika mwaka haujaisha.