Mrija wa nyongo ukivuja au kubana baada ya upasuaji: yanayosemwa na ukweli wake

Wengi wanaotolewa mfuko wa nyongo hupona wakaendelea na maisha yao. Wachache hutoka chumba cha upasuaji na jeraha kwenye mrija unaoteremsha nyongo kutoka kwenye ini hadi utumbo mwembamba. Kwa upasuaji wa matundu madogo, makadirio yanayotajwa mara nyingi ni watu 3 hadi 5 katika kila 1,000. Kwa waliopandikizwa ini, mirija huvuja au kubana mara nyingi zaidi ya hapo. Wote hawa husikia mengi, na baadhi ya wanayosikia huwafanya wachelewe kutibiwa.

"Nyongo ikivuja, lazima tumbo lipasuliwe tena"

Hofu hii ndiyo huwafanya watu wavumilie maumivu nyumbani. Mara nyingi nyongo huvujia kwenye kikonyo cha mfuko uliotolewa, au kwenye kijirija kidogo kilichokuwa kati ya mfuko na ini. Ini hutengeneza kati ya mililita 500 na 1,000 za nyongo kwa siku, na mwisho wa mrija mkuu, unapoingilia kwenye utumbo, pana msuli unaobana. Nyongo, kama maji, hufuata mkondo: ikikuta mlango umebanwa huku tundu liko wazi juu, itapita kwenye tundu.

Kwa hiyo daktari hushughulikia mlango. Kamera nyembamba hupitishwa mdomoni, tumboni, hadi mwanzo wa utumbo mwembamba. Waya laini huingizwa kwenye mrija, dawa inayoonekana kwenye eksirei hudungwa, na picha huonyesha nyongo inapotokea. Msuli unaweza kukatwa kidogo, njia iliyoonyeshwa na madaktari wa Japani na Ujerumani mwaka 1974, au ikawekwa stenti, yaani kijipira cha kuacha njia wazi, inayopita mlangoni. Wengi hudhani stenti lazima izibe tundu lenyewe. Si lazima. Nyongo ikishapata njia rahisi ya kuteremka, tundu hukauka na kujifunga. Kwa kawaida stenti hubaki kwa wiki 4 hadi 8.

Nyongo iliyokwisha kumwagika tumboni ni habari nyingine. Ikituama huweza kuoza na kuwa usaha, hivyo hutolewa kwa mpira unaopitishwa kwenye ngozi huku daktari akiangalia kwa ultrasaundi. Kuziba mvujo na kuliacha dimbwi ni kazi nusu.

"Nimewekwa stenti, basi nimepona"

Kwa maoni yangu hii ndiyo dhana ya hatari kuliko zote, kwa sababu humjia mtu akiwa na nafuu. Macho yameacha kuwa ya njano, kuwashwa kumeisha, hamu ya kula imerudi. Kwa nini arudi hospitali?

Stenti ya plastiki ni kijipira chenye upana wa milimita 3 hivi, chenye vibawa vidogo kila upande vya kuizuia isiteleze. Bakteria hujishikiza ndani yake, wakafanya utando, na tope la nyongo likaganda juu ya utando huo hadi tundu likaziba. Ndiyo maana hubadilishwa kila baada ya miezi 3 hivi. Ikisahaulika na kuziba, nyongo hurudi nyuma na maambukizi hupanda hadi kwenye ini. Mgonjwa hutetemeka kwa baridi, hupata homa kali, na bakteria wakiingia kwenye damu anaweza kufa.

Kwa mrija uliobana, safari ni ndefu zaidi. Kovu hupanuliwa kwa puto, kisha huwekwa stenti kadhaa bega kwa bega na kuongezwa kila awamu. Matibabu huweza kuchukua mwaka mzima. Stenti ya chuma iliyofunikwa hupunguza idadi ya safari kwa sababu ni pana na hukaa miezi kadhaa, lakini nayo hutolewa. Usiondoke hospitali bila kujua uliwekewa stenti ya aina gani na tarehe ya kutolewa kwake.

"Mwaka umepita, haiwezi kuwa ile operesheni"

Inaweza. Kovu hukaza polepole, na mrija unaweza kubana miezi au miaka baadaye. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai ya rangi, choo kikapauka na mwili ukawasha, mtajie daktari upasuaji wako hata kama wewe mwenyewe huuoni kuwa na uhusiano.

"Hakuna kisu, kwa hiyo hakuna hatari"

Hatari zipo, na mgonjwa ana haki ya kuzijua kabla ya kutia saini. Kongosho huweza kuvimba, kwa kuwa mrija wake na wa nyongo hutokea mlango mmoja. Kwa sababu hiyo wengi hupewa dawa ya indomethasini kwa njia ya haja kubwa. Kutokwa damu, maambukizi na utumbo kutoboka hutokea mara chache. Maumivu makali yanayoanza saa chache baada ya kutoka hospitali hayasubiri kesho.

"Kamera ikishindwa kufika, basi tena"

Ipo njia ya pili. Sindano nyembamba hupitishwa kwenye ngozi, mara nyingi katikati ya mbavu za kulia, hadi kwenye mirija iliyo ndani ya ini, kisha mpira huachwa hapo kuitoa nyongo. Humsaidia sana mtu ambaye utumbo wake uliunganishwa upya katika operesheni ya awali, hivyo kamera ya kawaida haipati njia. Kuishi na mfuko unaoning'inia ubavuni kunachosha, na ngozi inayouzunguka mpira huhitaji kusafishwa vizuri.

"Siku hizi kila jeraha humalizwa bila kisu"

Mrija uliokatika kabisa, ncha zikaachana, au uliofungwa kwa klipu (kibanio kidogo cha upasuaji), kwa kawaida humhitaji daktari bingwa wa upasuaji wa ini na mirija ya nyongo. Huvuta kipande cha utumbo mwembamba na kukishonea kwenye mrija, nyongo ishukie humo. Hapo kazi ya mipira ni kutuliza maambukizi na kukausha tumbo kabla ya siku ya operesheni. Na kiungo hicho kipya kikija kubana, hupanuliwa kwa puto kupitia ngozi.