Roboti hii au roboti huyu?

Mara ya kwanza kusikia "roboti jamii" likitumiwa visivyo, nilivumilia. Mtoa mada kwenye semina ya huduma kwa wateja, katika ukumbi mmoja pale Posta, aliita "roboti jamii" ile programu inayojibu ujumbe wa WhatsApp wa kampuni yake. Mara ya pili ilikuwa bango la duka huko Sinza. Juzi, ndani ya daladala ya Mwenge, abiria mmoja alikata simu kwa hasira akasema roboti jamii imemzungusha, bonyeza moja, bonyeza mbili, mpaka chaji imeisha. Nimeona sasa niandike.

Roboti jamii ni mashine yenye mwili, inayojiendesha kwa kiasi fulani, iliyoundwa ihusiane na mtu kwa adabu za watu: inakugeukia, inakutazama, inakusalimu, inangoja zamu yake ya kusema. Basi. Sauti ya kwenye simu haina mwili, na programu ya WhatsApp haina mwili. Mkono wa chuma unaochomelea magari kiwandani ni roboti kamili, lakini hauna habari na wewe.

Neno "roboti" lina historia nzito kuliko tunavyolitumia. Lilitoka kwenye tamthilia ya Karel Čapek, mwandishi wa Kicheki, iliyochapishwa mwaka 1920, na aliyempa neno hilo ni kaka yake, Josef. Walilichukua kutoka "robota", kazi ya lazima ambayo mkulima alimfanyia bwana shamba bila ujira. Sisi tunayo yetu ya zamani yenye maana hiyohiyo: shokoa. Tena roboti za Čapek hazikuwa za chuma. Zilikuwa viumbe wa nyama ya kutengenezwa, wenye sura za watu. Ndiyo maana Wacheki wenyewe hutenganisha mpaka leo: wakizitaja nyingi, "roboti" ni zile zenye umbo la mtu, na "roboty" ni vyombo kama mashine za jikoni.

Sisi tunao utenganisho kama huo, na hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo. Ndege huyu yuko mtini. Ndege hii inatua uwanjani. Kiboko huyu yuko mtoni. Kiboko hiki kinaning'inia ukutani. Jina ni lilelile, ila upatanisho wa kisarufi unatuambia kama kilichopo mbele yetu kina uhai. Je, roboti? Kwenye maandishi mimi huandika "roboti hii", na sioni sababu ya kubadili. Lakini msimamishe mtu mbele ya Pepper, roboti iliyozinduliwa na kampuni ya SoftBank ya Japani mwaka 2014, yenye urefu wa sentimita 120, macho makubwa na kompyuta bapa kifuani, kisha umsikilize. Baada ya muda mfupi atasema "huyu ananiangalia". Ulimi umeteleza, na mashine ile iliundwa makusudi ili uteleze. Sijapata kipimo kizuri kuliko hicho cha kutambua roboti jamii. Abiria wa Mwenge alisema "imenizungusha". Sarufi yake ilikuwa sahihi kuliko msamiati wake.

Nadhani kosa la mtoa mada lilitokana na neno "jamii". Tumezoea kusema "mitandao ya kijamii", basi kilichomo WhatsApp nacho kikaonekana cha kijamii. Lakini mzizi wake wa Kiarabu ni wa kukusanya, na ndiko yalikotoka jamaa, jumuiya na Ijumaa. Jamii ni watu waliokutana. Shangazi yangu akifika dirishani benki, huulizana na mhudumu hali za nyumbani kabla hajatoa kitabu chake, na watu kwenye foleni huvumilia. Sasa roboti ya mlangoni itamsalimu vipi? Ikisema "habari" imemvunjia heshima. Ikisema "shikamoo", lazima iwe imekadiria umri wake kwa kumtazama usoni, na yeye atabaki na swali la kumwitikia "marahaba" nani. Hili silioni dogo. Salamu zetu huanza kwa kujua nani ni nani.

Hapo linaingia neno la pili linalochanganywa: ustawi wa mteja. Wengi hulitumia wakimaanisha kuridhika. Kuridhika kunaishia dirishani: umepata ulichokifuata, hukukawia. Ustawi ni neno la shamba, kama mahindi yanavyostawi, na huangalia mtu anaendeleaje baada ya kuhudumiwa. Mwaka 2019 mtafiti wa masoko Martin Mende na wenzake walionyesha kuwa watu waliohudumiwa na roboti zenye umbo la mtu walipata hali ya kutotulia, na wakaelekea kujifariji, kwa mfano kwa kula zaidi. Mtu kama huyo anaweza kujaza fomu kwamba ameridhika. Upande wa pili upo pia, na ni haki kuutaja: kuna utafiti unaoonyesha kuwa mteja mwenye jambo la aibu hujisikia nafuu mbele ya mashine, kwa kuwa haimhukumu. Na ipo hoteli ya Nagasaki, Japani, iliyofunguliwa mwaka 2015 ikiendeshwa na roboti. Kufikia 2019 ilikuwa imeondoa zaidi ya nusu ya roboti zake 243. Moja ilikuwa kidoli cha chumbani kilichodhani mkoromo wa mgeni ni swali, kikamwamsha ili kumjibu.

Kwa hiyo, kaka mtoa mada, ile yako ni programu ya kujibu ujumbe. Ni nzuri, mimi ilinijibu saa sita usiku. Iite hivyo tu. Na wewe wa daladala ya Mwenge, kuzungushwa ulizungushwa kweli, ila iliyokuzungusha ni sauti iliyorekodiwa.