Kaligrafia ya Kichina: watu wanavyodhani na ilivyo

"Kaligrafia ni mwandiko usio na kasoro."

Dhana hii ndiyo iliyoenea zaidi, na ndiyo iliyopotoka zaidi. Kaligrafia ni sanaa ya kuandika kwa brashi na wino, na kazi yake inayosifiwa kuliko zote China, ya mwanakaligrafia Wang Xizhi, ni rasimu. Aliiandika mwaka 353 huko Shaoxing, kando ya kijito, yeye na wenzake wakinywa mvinyo na kutunga mashairi. Ina herufi 324, na baadhi zimefutwa, nyingine zimechomekwa kando. Neno "zhi" limerudi takribani mara 20, kila mara na umbo lake. Inasimuliwa kwamba pombe ilipomtoka alijaribu kuiandika upya, safi, akashindwa kuifikia ile ya kwanza. Yenyewe ilishapotea. Zilizobaki ni nakala, na walionakili hawakuthubutu kusahihisha: masahihisho yake nayo waliyanakili.

Mwaka 758 Yan Zhenqing, mwanakaligrafia mwingine, alimwandikia maombolezo mtoto wa nduguye, aliyeuawa katika uasi wa jenerali An Lushan dhidi ya utawala wa Tang. Karatasi hiyo iko Taipei. Ifuatilie kwa jicho: mwanzoni mkono umetulia, mbele kidogo wino unamwishia na brashi bado inakwaruza, kisha maneno yanakatwa, yanaandikwa, yanakatwa tena. Hakuwa anaandika kitu cha kutundikwa ukutani. Kwangu mimi, unyenyekevu wa sanaa hii uko hapo hasa, kwenye yale maneno aliyoyakata.

"Basi ni kuandika ovyo, unavyojisikia."

Hata kidogo. Caoshu, mwandiko wa mbio ambao mgeni huuona kama uzi uliovurugika, una vifupisho vyake maalumu. Ukikosea mkunjo mmoja unaweza kuwa umeandika neno jingine kabisa. Mtawa Huaisu wa karne ya 8, aliyesifika kwa kuandika akiwa amelewa, anasimuliwa kuwa hakuwa na fedha za karatasi. Akapanda migomba, akafanyia mazoezi kwenye majani yake. Anayelijua jani la mgomba anajua lilivyo na utelezi. Mkono ulishajua njia kabla kichwa hakijalewa.

"Mnyenyekevu huandika kwa woga."

Mwanakaligrafia Fu Shan wa karne ya 17 alishauri kinyume: heri mwandiko usio stadi kuliko wa ujanja, heri wenye sura mbaya kuliko wa kujipendekeza. Na woga hauna pa kujificha. Karatasi ya xuan, ile ya jadi ya kaligrafia, hunywa wino papo hapo. Ukisitasita, brashi ikakawia mahali pamoja, doa linatanuka na halifutiki.